Kijana Aliyebaki Panya

Wazazi wengi hutuuliza swali moja, tena hutuuliza kwa sauti ya chini: Je, yafaa kumpa mtoto kitabu cha kutisha? Wengine hawaulizi lolote. Hukirudisha kitabu maktabani kimeviringishwa ndani ya gazeti, hukiweka mezani, na kwenda zao. Katika vitabu vyetu vichache kimoja kimerudishwa hivyo mara nyingi kuliko vingine vyote, nacho ndicho tunachotaka kukisemea leo. Kwa muda wa majuma sita tumekisoma pamoja na wanafunzi, kisha tumetazama sinema zake mbili, na maneno waliyoyasema watoto hao hatukuyatazamia.

Kitabu hicho kilitolewa London mwaka 1983. Jina lake kwa Kiingereza ni The Witches, yaani Wachawi; sisi tunacho kwa Kifaransa, nacho huitwa Sacrées Sorcières. Mtungaji wake ni Roald Dahl, na michoro yake ni ya Quentin Blake. Kilipotoka kilipewa tuzo ya Whitbread ya vitabu vya watoto. Lakini huko Marekani, katika miaka ya 1990, kilikuwa mojawapo ya vitabu ambavyo wazazi walitaka mara nyingi viondolewe shuleni na maktabani. Basi wazazi wetu wenye magazeti hawako peke yao.

Huyu Dahl si mgeni kabisa kwa lugha yetu. Alizaliwa Wales mwaka 1916, wazazi wake wakiwa watu wa Norwei. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 3 tu, akalelewa na mama, ambaye alikuwa hodari wa kusimulia hadithi za nchi yao. Mwaka 1938 alitumwa Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta, akajifunza Kiswahili, na siku zile alizisimulia baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1986, Going Solo. Vita ilipoanza mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujifunza urubani. Mwanafunzi mmoja aliposikia hayo aliuliza mara moja kama Dahl aliwapata wachawi wake Tanganyika. La, siyo. Wachawi wake ni wa baridi na theluji. Wametoka katika hadithi za Norwei, na wengi wamemwona mama yake ndani ya yule bibi wa kitabu. Hatutaficha pia kwamba mtu huyo alisema maneno ya chuki juu ya Wayahudi, na kwamba mwaka 2020 jamaa yake waliomba radhi kwa ajili ya maneno hayo. Tuliwaambia wanafunzi wakubwa habari hiyo kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana mmoja, ambaye kitabu hakimtaji jina, anafiwa na baba na mama katika ajali ya gari huko Norwei, barabara ikiwa imefunikwa na barafu. Ana miaka saba. Anabaki na bibi yake, mzee mwenye mwili mkubwa, mvuta sigara nene, ambaye mkono wake mmoja hauna kidole gumba. Kidole hicho kilipotelea wapi? Kijana anauliza, bibi hajibu. Lakini habari za wachawi anamweleza kila usiku. Wachawi wa kweli, asema bibi, hawapandi ufagio wala hawavai kofia ndefu nyeusi. Wanavaa nguo kama wanawake wote, wanafanya kazi kama watu wote, na wanawachukia watoto upeo wa kuchukia. Mtoto kwao ananuka kama mavi ya mbwa, na aliyeoga vizuri ndiye anayenuka zaidi. Kisha bibi anazitaja dalili: wanavaa glavu ili kuficha kucha zao kali, hawana nywele hata moja na hivyo huvaa nywele za bandia zinazowawasha kichwa, matundu ya pua ni mapana, miguu haina vidole, mate yao ni ya rangi ya buluu.

Baadaye bibi anaugua kichomi, na daktari anamkataza kusafiri mbali. Ndipo wanakwenda kupumzika katika hoteli moja kubwa ya Bournemouth, pwani ya kusini ya Uingereza. Katika hoteli hiyo unafanyika mkutano wa mabibi waliovaa vizuri, na mlangoni limebandikwa tangazo la chama cha kifalme cha kuzuia ukatili juu ya watoto. Kijana amejificha ndani ya ukumbi ule pamoja na panya wake wawili weupe. Mlango unafungwa kwa mnyororo, mabibi wanavua glavu, wanavua nywele. Na yule aliye mkuu wao anavua hata uso wake, kwa maana uso ule mzuri ulikuwa kinyago tu. Anawapa amri: wanunue maduka yote mazuri ya pipi katika Uingereza, watie ndani ya pipi ile Dawa Namba 86, ili kesho yake asubuhi, saa ya kuingia darasani, watoto wote wageuke panya, na walimu wenyewe wawaue kwa mitego. Kijana anagunduliwa, anashikwa, anamiminiwa dawa, anakuwa panya. Ila akili yake inabaki, na sauti yake inabaki. Anamrudia bibi yake, naye bibi anamchukua mkononi. Pamoja wanaiba chupa ya dawa ile ile, kijana anaimwaga ndani ya supu ya wachawi, na mambo yanageuka.

Tulisoma Jumamosi alasiri, wanafunzi wapata ishirini, wenye miaka kumi hadi kumi na minne, Kifaransa kwa sauti na maelezo kwa Kiswahili. Siku ya kwanza ilikuwa kicheko kitupu. Mtungaji anasema mapema kwamba labda hata mwalimu anayekusomea maneno haya ni mchawi. Mara macho yote yakatuangukia sisi, hasa mikono yetu. Na habari ya kutokuoga ilipita mtaani upesi kuliko tangazo la misa. Juma lile mama wawili walikuja kulalamika kwamba watoto wao wanakataa maji kwa kusema ni kujikinga. Hapo tuliona kwamba kitabu kinasomwa kweli.

Lakini kilichowatisha si tulichokingojea. Kugeuzwa panya hakukumtisha mtu. Wengi walikuona ni jambo la kupendeza, kwa kuwa yule kijana mwenyewe, akiisha kupata mkia, anafurahi kwamba hakuna tena shule wala mitihani. Kucha na upara wa wachawi uliwachekesha. Walichokiogopa ni habari fupi ya msichana mmoja wa Norwei ambaye bibi anasimulia kwamba alitoweka, kisha wazazi wake wakamwona ndani ya picha ya rangi iliyotundikwa ukutani kwao. Kila siku amesimama mahali pengine katika picha ile, mara nje akilisha bata, mara dirishani. Hakuna anayemwona akitembea. Na miaka inapita, naye anazeeka mle ndani mbele ya macho ya jamaa yake, mpaka siku moja hayupo tena. Hakuna damu katika habari hiyo, wala kelele. Mvulana mmoja alisema kwamba baada ya kuisoma hakuweza kuipita picha ya marehemu baba yake iliyo sebuleni bila kuangalia kama amesogea. Alisema hivyo akicheka, lakini wenzake hawakucheka.

Jambo jingine lilitufundisha. Wazazi wa yule kijana wanakufa katika mistari michache mno, na sisi tuliona ni upungufu wa mtungaji, kama kwamba aliharaka kufika kwa wachawi. Yatima mmoja wa kundi letu alilipinga wazo hilo. Alisema kwamba ndivyo ilivyo: mtu anakuja kukuambia, anamaliza, na kesho yake unaamka katika nyumba nyingine. Alikipenda kitabu kwa sababu hakikumlazimisha kulia.

Kisha tukaonyesha sinema ya mwaka 1990, iliyoongozwa na Nicolas Roeg. Mashine ya umeme ilituharibikia katikati, ikatubidi kuimaliza juma lililofuata, na hilo lilizidisha hamu. Katika sinema hiyo kijana amepewa jina, Luke. Bibi ni Mai Zetterling, mzaliwa wa Sweden. Na mchawi mkuu ni Anjelica Huston. Panya wanaosema, pamoja na vinyago vya kutisha, vilitengenezwa katika karakana ya Jim Henson, ambaye alifariki mwezi wa Mei mwaka ule ule. Hoteli inayoonekana siyo ya Bournemouth, bali ni hoteli ya Newquay, katika jimbo la Cornwall, imesimama juu ya mwamba pembeni ya bahari.

Hapo tulijua tofauti ya hofu ya kitabu na hofu ya sinema. Kitabu msomaji anakifunga anapotaka. Anaweza kuruka ukurasa, au kuukimbiza upesi kwa jicho moja. Sinema haimngojei mtu. Huston alipoanza kuuchuna uso wake polepole kutoka nyuma ya masikio, wadogo waliingia chini ya mabenchi, na mvulana mmoja mkubwa, aliyekuwa ametutangazia tangu mwanzo kwamba haogopi kitu, aliondoka kwenda kuangalia kama mashine ina mafuta ya kutosha. Alikaa huko muda mrefu. Kwa maoni yetu watoto wa chini ya miaka tisa wasionyeshwe sinema hiyo, hata kama wamekwisha kusomewa kitabu. Wanafunzi wetu wenyewe walisema miaka kumi. Walitushinda kwa ukali.

Ugomvi mkubwa ulizuka juu ya mwisho. Katika kitabu, kijana habadiliki tena kuwa mtu. Anarudi Norwei pamoja na bibi, na usiku mmoja anauliza panya wa namna yake ataishi miaka mingapi. Bibi anamjibu kwamba panya wa kawaida huishi miaka mitatu, lakini yeye, aliye panya na mtu pamoja, atafika labda miaka tisa. Kijana anafurahi. Anamuuliza bibi umri wake: ni miaka 86. Naye atafikisha miaka minane au tisa zaidi? Huenda. Basi, watakufa karibu wakati mmoja, na hilo ndilo kijana anataka, kwa maana hapendi kuishi bila bibi yake. (Msichana mmoja tu aliona kwamba dawa ya wachawi ni Namba 86 na bibi ana miaka 86. Tumekisoma kitabu hiki mara nne, wala hatukuliona jambo hilo.) Katika sinema ya mwaka 1990 mwisho ni mwingine: mmoja wa wachawi, aliyekuwa msaidizi wa yule mkuu na kutendewa vibaya naye, anageuka kuwa mwema, anakuja usiku, na anamrudishia Luke mwili wake. Dahl alichukizwa sana na badiliko hilo. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka ule, na hasira yake haikuwa imepoa.

Tulidhani watoto watachagua mwisho wa furaha. Tulipohesabu mikono, kumi na watatu walikuwa upande wa kitabu, sita upande wa sinema, na mmoja alikataa kuchagua. Lakini wale sita hawakuwa wanyonge. Mvulana wa darasa la sita alisimama akauliza bibi akifa nani atamzika? Panya anaweza kubeba jeneza? Anaweza kuita majirani? Kwake ilikuwa aibu mjukuu kufurahi kwamba hawezi kumzika mzee wake. Tuliona wengi wanatikisa kichwa kwa kukubali. Mwenzake aliongeza kwamba katika kitabu wachawi wote ni wabaya tangu kuzaliwa, hakuna hata mmoja awezaye kutubu, lakini sinema imemwonyesha mmoja aliyetubu. Basi sinema inakaribia zaidi mafundisho tuliyopewa. Hilo ni neno zito, nasi hatukupata jibu lake upesi.

Msichana aliyejibu hakugusa mafundisho. Alisema kwamba yule Luke wa sinema amerudishiwa mikono na miguu, vema. Atakua, na bibi atakufa, naye atabaki yatima mara ya pili. Sinema inatuficha jambo hilo kwa kuzima taa kabla halijatokea. Kitabu hakikuficha. Mwingine akasema kwamba bibi alimshika yule panya bila kinyaa dakika ile ile ya kwanza, akazungumza naye kama jana, na tangu hapo umbo lake si kitu tena; kumrudisha kuwa mtu ni kama kusema kwamba bibi alikuwa akivumilia tu. Tuliyaandika maneno hayo siku ile ile, maana hatukuwa na hakika kwamba mtu mzima angeyaona.

Tungependa kuishia hapo, lakini kuna jambo zito zaidi, nalo ndilo, tunafikiri, wazazi wanaloogopa wanapokifunga kitabu ndani ya gazeti. Hawaogopi ndoto mbaya. Wanaliogopa neno lenyewe, kwa sababu huku kwetu mchawi, au mlozi, si mtu wa hadithi. Mtoto wa London akimaliza kitabu, wachawi wanabaki ndani yake. Mtoto wa kwetu akitoka nje anasikia neno hilo kisimani, sokoni, katika matanga. Na anajua kwamba baada ya neno hilo mawe yanaweza kufuata. Tunajua habari za watoto wa Kinshasa waliofukuzwa na jamaa zao kwa kuitwa wachawi, wakalala barabarani. Tunajua kwamba mwaka 2021, katika Kivu Kusini, wanawake waliuawa, wengine kwa moto, kwa shtaka hilo hilo.

Na kitabu kinafundisha dalili! Jumamosi ya tatu tulizisoma zote, na wavulana walianza mchezo wa kuhesabu nani mtaani ana dalili ngapi. Mama fulani huvaa glavu akiendesha pikipiki: moja. Mwuza maandazi hujikuna kichwa: moja. Kicheko kilikuwa kikubwa. Ndipo msichana mmoja wa mwaka wa kwanza wa sekondari, ambaye kwa kawaida hasemi, alisema kwamba bibi yake ana macho mekundu. Kicheko kilipungua. Akaendelea polepole: macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi, amepika kwa kuni miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, alipokufa mtoto wa jirani, watu walianza kuyatazama macho yale, wakaanza kuhesabu, kama ninyi mnavyohesabu sasa. Mjomba wake alimchukua bibi usiku kutoka kijijini. Sasa anakaa mjini kwao, na hapendi kutoka nje mchana.

Hakuna aliyesema kitu. Sisi pia tulikaa kimya, kwa maana somo lilikuwa limekwisha kutolewa. Baadaye yule yule mvulana wa jeneza aliuliza swali ambalo kwa maoni yetu ndilo ufunguo wa kitabu chote. Alisema: tuhesabu basi dalili za bibi wa kitabu. Ni mzee. Ni mjane. Amekatika kidole na hataki kusema kwa nini. Anavuta sigara, anakaa usiku akizungumza habari za wachawi, na anazijua sana. Jamaa wamekufa, yeye yu hai. Mbele ya watu wa mtaa wetu, nani angekuwa mchawi? Ni yeye! Na wachawi wenyewe wako wapi? Wamo katika hoteli ya bei kubwa, wamevaa vizuri, na mlangoni wameandika kwamba wanawalinda watoto.

Kweli, bibi mwenyewe anakiri kitabuni kwamba dalili zile hazitoshi kumhakikishia mtu. Lakini mtungaji anarudia kwamba mchawi daima ni mwanamke, na maneno hayo hatuyapendi, hata kama yamesemwa kwa mchezo. Mwaka 2023 wenye kukichapa kitabu walibadili maneno kadhaa, na penye habari ya nywele za bandia waliongeza kwamba wanawake wana sababu nyingine nyingi za kuzivaa na kwamba si vibaya. Watu wengi walikasirika, na wachapaji wakaahidi kuendelea kuchapa pia maneno ya zamani. Sisi hatuoni kwamba mstari mmoja ulioongezwa utamlinda bibi mwenye macho mekundu. Tuliwasomea wanafunzi jambo jingine: sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, ambayo katika kifungu chake cha 160 inamtisha kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini, kila amsingiziaye mtoto uchawi. Wengi hawakuijua. Mmoja aliomba kuinakili ili aipeleke nyumbani. Hatukumuuliza sababu.

Sinema ya pili, ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Robert Zemeckis, hatutaisemea sana. Imehamisha kisa kutoka Ulaya mpaka jimbo la Alabama, huko Marekani, katika miaka ya 1960. Bibi na mjukuu ni watu weusi, na bibi huyo, Octavia Spencer, alipendwa na wanafunzi wetu kuliko yule wa kwanza, hasa anapocheza dansi ili kumtoa mjukuu katika huzuni. Mwisho wa kitabu umerudishwa: kijana anabaki panya. Wale kumi na watatu walishangilia. Lakini panya wa sinema hii wametengenezwa kwa kompyuta, nao hawakumtisha wala kumgusa mtu, wanaruka mno.

Kosa lake kubwa ni mikono. Mchawi mkuu, Anne Hathaway, amepewa mikono yenye vidole vitatu tu, kama ilivyo kwa watu fulani tangu kuzaliwa. Watu wenye kilema hicho walihuzunika, nao wenye sinema na Hathaway mwenyewe waliomba radhi mwezi wa Novemba 2020. Wanafunzi wetu hawakuwa wamesikia habari hiyo, lakini waliliona kosa wao wenyewe kwa njia nyingine: katika kitabu, walisema, mwenye mkono usiotimia siye mchawi. Ni bibi.

Ndipo tuliwapa kazi ya mwisho. Kwa kuwa Dahl hakutueleza kamwe kidole cha bibi kilipotelea wapi, kila mmoja aandike sura hiyo katika daftari lake, baada ya kumwuliza mzee mmoja wa nyumbani habari ya kovu lake, kama anakubali kusimulia. Tumepokea madaftari kumi na moja. Katika moja kuna mashine ya kusaga mahindi. Katika mawili ni panga. Katika jingine ni mlango wa lori, siku ya kukimbia vita, dereva akiharakisha kuufunga. Jingine halijakwisha, mzee aliomba waendelee Jumapili. Wachawi wamo katika matatu tu.